Figa Moja

Hospitali haina saa ya kufunga.
Ndiyo maana hatukuzima kitu.
Tungezima, ingekuwa kazi ya Jumapili moja:
futa, panda upya, nenda kalale.
Lakini Tartu huvunjika mifupa usiku,
barafu ikishika ngazi za daraja,
na kila mfupa una picha,
na kila picha ina daktari anayeisubiri kabla hajakata.

Basi tukang'oa sakafu
watu wakiwa wamesimama juu yake.

Seva kumi na nne. Kila picha nakala tatu,
katika seva tatu zisizopakana.
Mafiga matatu, chungu kimoja:
hesabu yote ni hiyo.
Mpango Heldur aliuandika nyuma ya risiti ya petroli:
mimina seva moja ndani ya wenzake,
ngoja,
futa, weka mfumo mpya wa mafaili,
rudisha,
ngoja.
Kila "ngoja" aliipigia mistari miwili.

Mfumo wa zamani aliuchagua yeye,
miaka kumi na moja nyuma, nywele zake zikingali kichwani.
Ujanani ulikuwa mwepesi.
Kisha vifaili vikajazana, milioni juu ya milioni,
kufungua kimoja ikawa kufukua kumi,
na usiku mwingine seva ilisimama tu
kama mtu aliyeingia jikoni
akasahau alichofuata.
Hakuutetea.
Ila kila ilipofika zamu ya kufuta
alinisogeza kitini taratibu,
akaandika amri mwenyewe, herufi moja moja,
akasoma namba ya diski kwa sauti, akairudia,
akabonyeza.
Sekunde nne.
Sikumtazama usoni.

Seva ya kwanza, siku tatu. Ya pili, tatu na nusu.
Ya tano hatukuihesabu tena.
Mazoea yana taabu.

Usiku wa seva ya saba
Heldur alikuwa stesheni, kamfuata mkewe Õie,
treni imechelewa kwa theluji.
Mimi na feni, na mkate mweusi, na dagaa wa chumvi.
Asilimia tisini na tisa.
Nikatazama ile moja iliyobaki, haisogei.
Nikajiambia, moja si kitu.
Nikaandika amri. Namba ya diski nikaisoma kimoyomoyo.

Saa nane na dakika ishirini
diski moja ndani ya seva ya tatu ikafa.
Diski hailii inapokufa;
taa yake iligeuka rangi ya chungwa, basi.
Na skrini ikaandika, bila hasira:
picha elfu mbili mia nne na kumi na mbili,
nakala moja.

Nikampigia simu.
"Unagusa chochote?"
"Hapana."
"Endelea kutogusa."

Akaja na koti juu ya nguo za kulalia,
nyusi zina theluji.
Hakuuliza. Risiti ilikuwa palepale ukutani.
Akavuta kiti, tukakaa kuitazama namba
ikishuka kama maji kwenye sinki lililoziba.
Elfu mbili na mia moja. Elfu mbili na tisini.
Elfu mbili na tisini.

Saa tisa na dakika arobaini, mtu wa wodi ya dharura
akafungua mojawapo.
Niliiona ikipita: namba ndefu, haina jina.
Sijui kama lilikuwa paja au pafu.
Chungu hakikai juu ya figa moja.
Kile kilikaa.
Picha ikafunguka, sekunde sita nzima,
na huko juu, labda, mtu akasonya
kwamba sisi wa kompyuta ni wazembe.

Alikuwa na haki, asivyojua.

Sifuri ilifika kabla ya jua,
ingawa Januari jua la huku nalo hujivuta.
Heldur akala dagaa wangu waliobaki,
akafunga koti, akaenda kumalizia usingizi.

Seva ya nane tuliianza Alhamisi.
Ilipofika tisini na tisa
nilikwenda kuosha vikombe,
vyote,
hata vilivyokuwa safi.